Kutoka Muunganisho hadi Matumizi: Uundaji wa Modeli za Athari za Upatikanaji wa Nishati katika Maendeleo Endelevu ya Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Serikali na wafadhili katika Ukanda wa Maziwa Makuu hupima mafanikio ya sekta ya nishati kwa kuhesabu kaya zilizounganishwa na umeme. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoingizwa katika modeli nyingi za kutabiri ukuaji wa kipato, elimu na afya. Makala hii inafafanua kwa nini modeli ya namna hiyo hutabiri maendeleo ambayo aghalabu hayaonekani, na inaonyesha mambo matatu ambayo modeli inayofaa ukanda huu haina budi kuyabeba. La kwanza ni mnyororo unaoanzia muunganisho, ukapitia huduma ya kutegemewa, ukaishia katika matumizi yenye tija. La pili ni mrejesho kati ya mapato ya shirika la umeme na ubora wa huduma yake. La tatu ni maji na mipaka ambavyo nchi za ukanda zinashirikiana. Makala inahitimisha kwa kueleza data ambazo watunga sera wanapaswa kuzidai kabla ya kuikubali modeli yoyote.

Istilahi za Msingi: upatikanaji wa nishati, modeli, maendeleo endelevu, mrejesho, Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Katika kipindi cha takriban miaka kumi na miwili, Uganda iliongeza vituo vitatu vikubwa vya umeme wa maji katika Mto Naili: Bujagali chenye megawati 250 mwaka 2012, Isimba chenye megawati 183 mwaka 2019, na Karuma chenye megawati 600 kilichozinduliwa rasmi mwaka 2024. Kwa vituo hivyo, uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme ulipita kwa mbali mahitaji yake ya saa za kilele. Hata hivyo, kaya nyingi za vijijini ziliendelea kukosa umeme wa gridi, na nyingi zaidi ziliendelea kupikia kuni na mkaa. Nchi ikawa na ziada ya umeme na uhaba wa umeme kwa wakati mmoja.

Hali hiyo inaonekana kama kitendawili pale tu upatikanaji wa nishati unapochukuliwa kuwa jambo moja. Ukitazamwa kama mnyororo wa hatua kadhaa, kitendawili hutoweka: hatua ya uzalishaji imekamilika, lakini hatua za usambazaji, za uwezo wa mtumiaji kulipa na za matumizi yenye tija hazijakamilika. Mnyororo hauna nguvu kuliko pete yake iliyo dhaifu.

Suala hili halihusu wanahisabati peke yao. Mikopo inayolipwa na kizazi kizima hutolewa kwa kutegemea makadirio ya modeli. Modeli ikisema kwamba kila asilimia moja ya kaya zinazounganishwa italeta kiasi fulani cha ukuaji, wizara ya fedha hukopa kwa matarajio hayo. Ukuaji usipotokea, deni hubaki palepale na hulipwa kwa bei ya umeme iliyo juu, ambayo nayo huwazuia wananchi wasiutumie umeme huo. Kwa hiyo, kosa dogo katika muundo wa modeli huweza kujirudia katika maisha ya watu kwa miongo kadhaa.

2.0 Dhana za Msingi

Modeli, kwa maana inayotumika katika makala hii, ni maelezo yaliyorahisishwa kwa makusudi kuhusu namna mambo yanavyoathiriana, yakiwekwa katika hali inayoruhusu kukokotolewa. Thamani ya modeli haitokani na wingi wa milinganyo yake. Hutokana na uamuzi kuhusu nini kiingizwe na nini kiachwe nje. Kinachoachwa nje hugeuka kuwa dhana isiyosemwa, na dhana isiyosemwa ni vigumu kuihoji.

Upatikanaji wa nishati umefafanuliwa kwa namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni ya ndiyo au hapana: kaya ina umeme au haina. Hiyo ndiyo inayotumika katika kiashiria cha 7.1.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015. Kwa kipimo hicho, takwimu za Benki ya Dunia za mwanzoni mwa muongo wa 2020 zinaonyesha tofauti kubwa miongoni mwa majirani. Nchini Burundi ni takriban mtu mmoja kati ya kumi aliye na umeme, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni takriban mmoja kati ya watano, nchini Rwanda ni takriban nusu ya watu, na nchini Kenya ni takriban robo tatu.

Namna ya pili ni ya ngazi. Mwaka 2015 mpango wa ESMAP wa Benki ya Dunia ulichapisha mfumo wenye ngazi kuanzia 0 hadi 5. Kila ngazi hupimwa kwa sifa saba: uwezo wa umeme, saa za upatikanaji, utegemevu, ubora wa volteji, unafuu wa gharama, uhalali wa muunganisho na usalama. Katika ngazi ya 1, kaya hupata umeme kwa saa zisizopungua nne kwa siku, ukitosha taa na kuchaji simu. Katika ngazi ya 5, hupata kwa saa zisizopungua 23, ukitosha hata vifaa vizito. Kwa kipimo cha ndiyo au hapana, kaya hizi mbili huweza kuhesabiwa kuwa sawa. Kwa kipimo cha ngazi, zinaishi katika uchumi tofauti.

Maendeleo endelevu ya kikanda, kwa upande wake, yanajumuisha mambo matatu yanayopaswa kuonekana pamoja katika modeli: kuongezeka kwa kipato na ustawi, kuhifadhiwa kwa maliasili zinazoubeba ustawi huo, na mgawanyo wake kati ya maeneo na kati ya nchi. Modeli inayopima jambo la kwanza peke yake ni modeli ya ukuaji; haijafikia kuwa modeli ya maendeleo endelevu.

3.0 Tatizo la Usababishi

Ukilinganisha maeneo yenye umeme na yasiyo nao, karibu kila mahali utakuta yenye umeme yana kipato kikubwa zaidi. Ulinganisho huo hauthibitishi kwamba umeme ndio ulioleta kipato. Nyaya hupelekwa kwanza mijini, kando ya barabara kuu, kwenye viwanda na kwenye makao ya wilaya, yaani mahali palipokuwa na uwezo tangu mwanzo. Modeli isiyotenganisha mambo haya mawili huupa umeme sifa ya kazi iliyofanywa na barabara, soko au shule.

Watafiti wamebuni mbinu za kulikabili tatizo hili, na matokeo ya tafiti tatu za barani Afrika yanatosha kuonyesha uzito wake.

Utafiti wa Dinkelman (2011) ulichunguza usambazaji wa umeme vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, baada ya mwaka 1994. Kwa kuwa ni rahisi zaidi kupitisha nyaya kwenye ardhi tambarare kuliko kwenye miinuko mikali, mteremko wa ardhi ulitumiwa kutofautisha vijiji vilivyopata umeme kwa sababu ya jiografia na vilivyopata kwa sababu ya uwezo wake. Ilibainika kuwa ajira ya wanawake iliongezeka kwa asilimia 9 hadi 9.5 za kiwango katika muda wa takriban miaka mitano. Kaya zilianza kupikia umeme na kupunguza matumizi ya kuni, hivyo wanawake wakapata muda wa kufanya kazi nje ya nyumba.

Nchini Rwanda, Lenz na wenzake (2017) walichunguza athari za mpango mkubwa wa kitaifa wa kusambaza umeme ulioanza mwaka 2009. Kaya zilizounganishwa zilitumia umeme kidogo, hasa kwa taa, simu, redio na televisheni. Mwanga ulikuwa bora, na gharama za mishumaa, mafuta ya taa na betri zilipungua. Hata hivyo, athari katika kipato zilikuwa ndogo.

Nchini Kenya, Lee, Miguel na Wolfram (2020) walifanya jaribio la nasibu katika jamii 150 za magharibi mwa nchi, ambapo baadhi ya kaya zilipewa punguzo la gharama za kuunganishwa. Bei rasmi wakati huo ilikuwa shilingi 35,000. Bei iliposhushwa hadi shilingi 15,000, ni takriban robo tu ya kaya zilizokubali kuunganishwa. Gharama ilipoondolewa kabisa, karibu zote zilikubali. Lakini hata miongoni mwa zilizounganishwa, watafiti hawakuona mabadiliko makubwa ya kiuchumi katika muda waliochunguza.

Tafiti hizi hazipingani. Zinaonyesha kwamba umeme uleule, ukiingia katika mazingira tofauti, huzaa matokeo tofauti. Katika vijiji vya KwaZulu-Natal umeme ulifika hadi jikoni, na kulikuwa na soko la ajira la kuupokea muda uliookolewa. Katika vijiji vilivyochunguzwa Rwanda na Kenya, jiko lilibaki la kuni, na kijiji kilibaki na soko lilelile dogo. Modeli inayochukua kiwango cha athari kilichopatikana KwaZulu-Natal na kukipachika Gitega au Kasese inakadiria matokeo ya jambo ambalo bado halijatokea huko.

4.0 Mnyororo wa Athari

Kutokana na ushahidi huo, athari ya nishati katika maendeleo inaweza kuwasilishwa kama zao la vigeu vitatu: muunganisho, utegemevu wa huduma, na matumizi yenye tija. Neno "zao" limetumika hapa kwa maana yake ya hisabati. Vigeu hivi huzidishwa, havijumlishwi. Katika kujumlisha, upungufu wa kimoja hufidiwa na wingi wa kingine. Katika kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, jawabu lote huwa sifuri. Wahenga walikwisha kulieleza jambo hili kwa lugha yao: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano wa kubuni, uliowekwa kwa ajili ya kufafanua hesabu tu, unaweza kulionyesha jambo hili. Chukua kata yenye kaya 1,000 na bajeti moja inayoweza kutumiwa kwa njia mbili. Katika Njia A, bajeti yote inaunganisha kaya 600, kila moja ikitumia kilowati-saa 10 kwa mwezi. Jumla ni kilowati-saa 6,000. Katika Njia B, bajeti inaunganisha kaya 400 zenye matumizi yaleyale, pamoja na wazalishaji 10 wanaohitaji njia tatu za umeme: vinu vya kusaga nafaka, chumba cha kupozea maziwa, karakana za kuchomelea vyuma na za useremala. Kila mzalishaji anatumia kilowati-saa 400 kwa mwezi. Kaya zinatumia 4,000 na wazalishaji 4,000. Jumla ni 8,000.

Kwa kipimo cha ndiyo au hapana, Njia A inashinda: asilimia 60 ya kaya dhidi ya asilimia 40. Kwa kipimo cha matumizi, Njia B inashinda kwa theluthi moja, na nusu ya umeme wake unakwenda mahali panapozalisha kipato. Aidha, kaya 600 zisizounganishwa katika Njia B zinaweza kunufaika kwa kusagiwa nafaka karibu na kuuza maziwa yasiyoharibika, ingawa hazionekani katika takwimu za muunganisho.

Sasa ongeza kigeu cha utegemevu. Ikiwa umeme hukatika kwa nusu ya saa za mchana, wazalishaji hupoteza nusu ya matumizi yao, yaani kilowati-saa 2,000. Jumla ya Njia B inashuka hadi 6,000, sawa kabisa na Njia A, ambayo watumiaji wake huwasha taa usiku na hawaguswi sana na mgawo wa mchana. Faida yote ya Njia B katika matumizi imefutika bila hata nyumba moja kukatiwa umeme katika daftari la takwimu. Hali halisi huwa mbaya zaidi ya hesabu hii, kwa kuwa mwenye kinu aliyeumizwa na mgawo hununua jenereta ya dizeli au hufunga kazi, na maziwa yaliyoharibika hayarudi.

Mfano huu unabainisha mambo mawili. Kwanza, swali la "kaya ngapi" na swali la "maendeleo kiasi gani" huweza kuwa na majibu yanayopingana kwa bajeti ileile. Pili, hakuna njia iliyo bora katika mazingira yote. Ubora wa kila njia hutegemea huduma inayotolewa baada ya nyaya kufika. Modeli isiyo na kigeu cha utegemevu haiwezi kumshauri mtunga sera katika jambo hilo.

5.0 Mrejesho kati ya Mapato na Huduma

Modeli nyingi za kupanga sekta ya nishati huchukua mahitaji ya umeme kama kitu kinachotoka nje ya modeli. OSeMOSYS, mathalani, hutafuta mchanganyiko wa mitambo wenye gharama ndogo kabisa kwa mahitaji ambayo mpangaji ameyaingiza mwenyewe. OnSSET hutumia ramani kuamua kama kijiji fulani kifikiwe kwa gridi kuu, gridi ndogo au vifaa vya umeme wa jua vinavyojitegemea, kwa kuzingatia ngazi ya mahitaji iliyochaguliwa. Zana hizi ni wazi kwa kila mtu kuzitumia na ni muhimu sana. Hujibu vizuri swali la namna ya kufikisha umeme kwa gharama nafuu. Hazikuundwa kujibu kama umeme ukishafika utatumiwa.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kuziunganisha zana hizo na mbinu ya mienendo ya mifumo, ambayo misingi yake iliwekwa na Jay Forrester nchini Marekani katika miaka ya 1950. Mbinu hiyo hufuatilia mizunguko ya mrejesho, yaani hali ambapo tokeo hurudi kuathiri chanzo chake.

Katika sekta ya umeme, mzunguko ulio muhimu zaidi ni huu. Matumizi yakiongezeka, mapato ya shirika la usambazaji huongezeka. Mapato yakiongezeka, transfoma hubadilishwa kwa wakati, nguzo zilizooza huondolewa, na huduma hutegemewa zaidi. Huduma ikitegemewa, wajasiriamali huwekeza katika mashine za umeme, na matumizi huongezeka tena. Huo ni mrejesho wa kukuza.

Mzunguko huohuo huweza kuzunguka kinyume. Shirika likiunganisha maelfu ya kaya zenye matumizi madogo, mapato kwa kila mita huwa kidogo kuliko gharama ya kuihudumia. Matengenezo huahirishwa, umeme hukatika, wateja wakubwa huhamia kwenye jenereta au paneli zao za jua, na shirika hubaki na wateja wasioweza kulibeba. Serikali hulazimika kuchagua kati ya ruzuku na kupandisha bei. Bei ikipanda, matumizi hupungua zaidi. Hivyo, kasi ya kuunganisha inaweza kuwa chanzo cha kuzorota kwa huduma ikiwa haikuambatana na ukuaji wa matumizi.

Hoja hii haimaanishi kwamba kaya maskini zisiunganishwe. Maana yake ni kwamba gharama ya kuzihudumia iingizwe waziwazi katika modeli na katika bajeti, badala ya kuachwa ijitokeze baadaye kwa sura ya giza. Haki ya kupata umeme haitimizwi na mita iliyofungwa ukutani pasipo umeme ndani yake.

6.0 Maji na Mipaka

Modeli za kitaifa hukata ramani kwenye mpaka wa nchi. Nishati ya Maziwa Makuu haikukatwa hivyo. Bwawa la Owen Falls mjini Jinja lilipozinduliwa mwaka 1954, haukupita muda kabla ya umeme wake kuvuka mpaka: kwa mkataba wa mwaka 1955, Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 kwenye mto unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika, ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kituo cha Rusumo katika Mto Kagera, chenye megawati 80, hugawana umeme wake kwa usawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Tangu mwaka 2005 upo pia muungano wa mifumo ya umeme wa Afrika Mashariki, EAPP, ulioundwa ili nchi ziuziane umeme.

Kwa nchi ndogo, ushirikiano huu hubadilisha matokeo ya modeli kabisa. Sehemu ya Burundi katika Rusumo, takriban megawati 27, ni ndogo kwa kipimo cha Kenya au Tanzania, lakini ni nyongeza kubwa katika mfumo wa Burundi. Modeli ya taifa moja ingesema mradi wa namna hiyo haulipi. Modeli ya kikanda inaonyesha kwamba unalipa kwa sababu gharama zimegawanywa.

Ushirikiano huo una hatari yake, na hatari hiyo haionekani kwenye ramani ya siasa. Huonekana kwenye ramani ya mito. Kagera, unaopita Rusumo, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ziwa hilo hutoka Jinja na kuwa Naili, unaozungusha mitambo ya Bujagali, Isimba na Karuma. Kwa hiyo, ukame mrefu unaolikumba bonde hilo huweza kupunguza umeme wa Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda kwa pamoja, tena wakati kila nchi inapotarajia kununua kwa jirani. Mwaka 2005 na 2006, kushuka kwa kina cha Ziwa Victoria, kulikohusishwa na ukame na wingi wa maji yaliyopitishwa katika mitambo ya Jinja, kuliilazimisha Uganda kuingia katika mgawo mkali na kukodi mitambo ya dizeli. Katika kipindi hichohicho Tanzania nayo ilikabiliwa na mgawo kutokana na upungufu wa maji katika mabwawa yake.

Somo kwa waunda modeli ni kwamba kununua umeme katika nchi nyingi si sawa na kuutoa katika vyanzo vingi. Utegemevu wa ukanda hutokana na vyanzo visivyodhoofika kwa sababu moja. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu, inayotumiwa na kituo cha KivuWatt chenye megawati 26 huko Karongi, Rwanda, haitegemei mvua ya msimu. Jotoardhi ya Olkaria nchini Kenya haitegemei mvua. Umeme wa jua kwa kawaida huwa mwingi katika siku za kiangazi, wakati mito imepungua. Modeli inayopanga mitambo kwa wastani wa mvua wa miaka mingi, bila kupima namna upungufu unavyotokea kwa pamoja, huhesabu usalama ambao haupo.

7.0 Nishati ya Jikoni

Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na kaya za ukanda huu haipiti kwenye waya wowote. Hutoka msituni kwa sura ya kuni na mkaa. Modeli inayoitwa ya nishati lakini ikazungumzia umeme peke yake huacha nje moshi unaodhuru mapafu ya akina mama na watoto, saa zinazotumika kutafuta kuni, na miti inayokatwa katika vyanzo vya maji.

Mambo haya yameunganishwa na umeme kwa njia mbili. Kwanza, kama utafiti wa KwaZulu-Natal ulivyoonyesha, faida kubwa ya umeme huweza kupatikana pale unapobadilisha namna ya kupika. Pili, miti inayogeuzwa mkaa ni sehemu ya mfumo unaolinda udongo na maji. Mlima ukibaki uchi, udongo hushuka mtoni, na tope hujaa katika mabwawa na kwenye mitambo. Katika Bonde la Ruzizi na miinuko ya Burundi na Rwanda, kilimo cha kwenye miteremko na ukataji wa miti vina uhusiano wa moja kwa moja na uhai wa vituo vya umeme vilivyo chini yake. Hivyo gunia la mkaa linalouzwa Goma au Bujumbura lina nafasi katika mlingano wa megawati. Hapo ndipo neno "endelevu" linapopata maana inayoweza kupimwa.

8.0 Yanayopaswa Kudaiwa na Watunga Sera

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mshauri wa sera anayeletewa modeli ya athari za nishati anaweza kuipima kwa maswali matano.

(i) Je, upatikanaji umepimwa kwa ngazi au kwa ndiyo na hapana? Kama ni kwa ndiyo na hapana, makadirio ya kipato yachukuliwe kuwa kikomo cha juu, si wastani.

(ii) Je, kiwango cha athari kimetoka wapi? Kilichokopwa kutoka mazingira mengine kielezwe kwa kutaja masharti yaliyokizaa, hasa upishi na soko la ajira.

(iii) Je, saa za kukatika kwa umeme zimo katika modeli, na zimetenganishwa kati ya mchana na usiku? Mita za malipo ya kabla, zinazotumika sana katika nchi za ukanda, tayari huhifadhi kumbukumbu za ununuzi wa kila mteja. Kumbukumbu hizo, zikiondolewa majina na zikichambuliwa pamoja na ratiba za mgawo, zinaweza kuonyesha matumizi halisi kwa gharama ndogo kuliko tafiti za nyumba kwa nyumba.

(iv) Je, mahitaji yanatokana na bei, utegemevu na mikopo ya mashine, au yamewekwa tu na mpangaji? Ikiwa yamewekwa, modeli haina mrejesho na haiwezi kuonya kuhusu kuzorota kwa huduma.

(v) Je, vyanzo vya umeme vimepangwa kwa mabonde ya mito au kwa mipaka ya nchi peke yake? Taarifa za kina cha maziwa na mtiririko wa mito zinapaswa kubadilishanwa kati ya majirani kama zinavyobadilishanwa ankara za umeme.

Maswali haya hayahitaji kompyuta kubwa. Yanahitaji taasisi za takwimu, mashirika ya umeme na vyuo vikuu vya nchi jirani kukubaliana kuhusu fasili moja ya kila kigeu, na kuiandika katika lugha ambayo fundi wa Kasulu, mchumi wa Kigali na mwalimu wa Bukavu wataielewa kwa namna moja. Kiswahili kina nafasi katika kazi hiyo. Mradi unaomilikiwa na nchi tatu hauwezi kupimwa kwa haki ikiwa neno "upatikanaji" lina maana tatu.

9.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba athari ya nishati katika maendeleo endelevu haimo ndani ya waya unaoingia nyumbani. Imo katika mnyororo unaoanzia kwenye maji ya bonde, ukapitia uwezo wa shirika kuhudumia mtandao wake, hadi kwenye kinu kinachosaga saa nane mchana na chungu kinachochemka bila moshi. Kila pete ya mnyororo huo inaweza kupimwa, na kila moja inaweza kuidhoofisha nyingine.

Ukanda wa Maziwa Makuu unaendelea kujenga. Ruzizi III iko katika mipango, nyaya za kuvuka mipaka zinaongezwa, na kila nchi imejiwekea lengo la asilimia ya kaya zitakazounganishwa. Malengo hayo yana umuhimu wake, kwa kuwa bila muunganisho hatua nyingine hazianzi. Lakini asilimia hiyo ikifanywa kuwa ndicho kipimo cha maendeleo yenyewe, nchi zitalipa madeni ya umeme ambao wananchi wao hawautumii. Mabadiliko ya kwanza, na yenye gharama ndogo kuliko yote, ni kuandika kilowati-saa zinazotumika, na saa zinazotumika, kando ya idadi ya kaya katika kila ripoti ya mwaka ya sekta.